Fremu nne za chuma, bei nne: nimezimiliki zote na hiki ndo nilichokiona

Kila nikisimama na baiskeli mahali lazima nitaulizwa hili swali, na kabla sijaanza kuulizwa na watu nilikuwa najiuliza mwenyewe. Fremu ya chuma ni mabomba tu. Matatu makubwa, kafupi kamoja ka usukani, vibomba vyembamba vinne vya nyuma, basi. Ukiegemeza fremu nne ukutani ukazipaka rangi moja, mtu wa kawaida hawezi kukwambia ipi ni ipi, ila ukiuliza bei unaambiwa hii elfu tisini, ile laki mbili na sitini, ile ya pembeni elfu themanini, na ya mwisho inakaribia milioni mbili mpaka ifike Dar. Kwanini? Mi ndani ya kama miaka mitatu nimezimiliki zote nne, nimeziendesha, nimezipima kwenye mizani ya duka la mchele hapa mtaani, na moja imenivunjikia nikiwa juu yake, kwahiyo ninayoandika hapa ni niliyoyaona kwa macho na mengine niliyojifunza baada ya kuumia.

Nianze na ya elfu tisini. Hii nilinunua mpya Kariakoo, fremu tupu na foki yake, ya tairi 26, rangi ya bluu. Muuzaji hakunidanganya kitu, aliniambia "bosi, hii chuma cha kawaida, nzito ila haikusumbui", na ndivyo ilivyo mpaka leo. Bila foki ilisoma kilo 3 na gramu 300 hivi. Nguzo ya siti inayoingia ni milimita 25.4, na bomba la siti kwa nje ni 28.6, sasa piga hesabu mwenyewe, ukitoa unagawa kwa mbili unapata unene wa karibu milimita 1.5 ukiacha ile nafasi ndogo ya kuingilia. Unene huo ni toka juu mpaka chini, haubadiliki. Chuma chake ni kile wanachoandika Hi-Ten kwenye stika, yani chuma na kaboni kidogo, hakuna viungo vingine vya maana, na bomba lenyewe ni bati lililokunjwa likaungwa, ukimulika tochi ya simu ndani unauona mshono umenyooka kama mstari wa rula.

Watu wanaojiona wanajua baiskeli wanadharau sana fremu za namna hii na mi nasema wanakosea. Simama barabara ya Pugu alfajiri uwaangalie watu wa mkaa wanaoshuka toka Kisarawe, gunia mbili, wengine tatu, wamejisukuma usiku mzima. Zile Phoenix za Shanghai, zile Hero na Avon za Ludhiana kule India, zile ambazo Wakenya wanaziita Black Mamba, zote ni chuma kinene cha kawaida, na ndo maana zinabeba. Ikipinda inanyooshwa, ikikatika fundi yoyote mwenye gesi na kijiti cha shaba anaiunga chini ya mwembe na kesho mzigo unaendelea. Fremu nyembamba ya bei mbaya huwezi kuifanyia hivo, inatoboka. Na bei inakuwa chini kwa sababu inayoeleweka: chuma cha bei rahisi, bomba la mshono, umbo ambalo halijabadilika miaka mingi mno kwahiyo mitambo yake ilishajilipa zamani, alafu idadi. Hero wao mwaka 1986 waliingia Guinness kama watengenezaji wakubwa kuliko wote duniani. Ukitengeneza kwa wingi wa namna ile kila fremu inabeba kipande kidogo sana cha gharama ya kiwanda.

Sasa kwanini ingine iwe ghali? Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye kiini, na ndo sehemu wauzaji wetu wengi hawaijui kabisa.

Chuma chote, cha elfu tisini na cha milioni mbili, kina uzito ule ule kwa ujazo ule ule, lita moja ya chuma ni kilo 7.8 na kidogo. Na namna kinavyobonyea ukikikandamiza alafu kinarudi, hiyo nayo ni karibu sawa kwa vyuma vyote vya baiskeli. Watu wengi hawaamini nikiwaambia. Mtu anakwambia "hii kromoli ndo maana nyepesi" (kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu kidogo), hapana, kromoli sio nyepesi, ukichukua bomba mbili za unene mmoja, moja kromoli moja chuma cha kawaida, mizani haitaona tofauti. Kinachobadilika ni nguvu, yani kinastahimili kiasi gani kabla hakijapinda moja kwa moja au kukatika. Ile kromoli inayoitwa 4130 wameweka kromiamu kama asilimia 1, molibdenamu kama asilimia 0.2, na kaboni asilimia 0.3 hivi, vitu vidogo sana kama chumvi kwenye mboga, ila nguvu inapanda. Reynolds wa Birmingham, Uingereza, wanaorodhesha bomba lao la 525 (ambalo ni kromoli) kati ya megapaskali 700 na 900 (hicho ni kipimo cha nguvu, namba ikiwa kubwa chuma kinastahimili zaidi kabla hakijakatika), na la 853 kati ya 1,250 na 1,400. Sasa kama chuma kina nguvu zaidi, mtengenezaji anaruhusika kukifanya chembamba zaidi bila kuogopa. Wembamba ndo unaoleta wepesi. Na wembamba ndo unaoleta ule mwendo ambao watu wanasema fremu "ina uhai", kwasababu bomba jembamba linanyumbuka kidogo kwenye mashimo badala ya kukupiga mgongoni.

Ila kuna jambo la pili na hili kwangu ndo zuri kuliko yote. Bomba la fremu linaumia zaidi kwenye ncha, pale linapoungwa na lenzake, maana pale ndo kuna moto wa kuungia na pale ndo nguvu zote zinakutana. Katikati ya bomba hakuna kazi kubwa. Kwahiyo wanatengeneza bomba ambalo kwa nje limenyooka sawasawa ila ndani ncha ni nene na katikati ni jembamba, mfano milimita 0.9 kwenye ncha, 0.6 katikati, alafu 0.9 tena. Alfred Reynolds alipata hati miliki ya hiyo njia mwaka 1897! Bomba linavutwa likiwa baridi kwenye kalibu, ndani yake kuna chuma kilichochongwa kufuata umbo hilo, alafu linabidi lipanuliwe kidogo ili kile chuma kichomoke maana ncha zimekibana pande zote, kuna hatua za kulipasha moto lilegee ndo lirudishwe tena kwenye kazi. Kila hatua ni mashine, ni mtu, ni muda. Na mwisho wa yote kwa nje ni bomba tu, duara, limenyooka, unapaka rangi hakuna anayejua. Hapo ndo pesa imelala na hapo ndo jicho halifiki.

Haya, ya laki mbili na sitini. Hii ndo iliyoniuma. Duka sitalitaja. Fremu nyeusi isiyong'aa, nzuri kwa kuangalia, na kwenye bomba la siti stika kubwa ya fedha imeandikwa Cr-Mo, yani kromoli. Niliuliza mara mbili, kijana akaniambia "kaka hii kromoli orijino, angalia stika", na mi kipindi hicho kilichokuwa kichwani ni kwamba bei ikiwa juu na stika ipo basi mambo yako sawa. Nikaitumia miezi saba, sana sana kwenda Bagamoyo na kurudi Jumapili na wenzangu, hakuna mzigo, mi mwenyewe kilo 74. Siku moja tumepita Mapinga nikasikia mbele kama panacheza, nikadhani koni za usukani zimelegea, kushuka kuangalia naona rangi imepasuka chini ya bomba la chini, pale linapokutana na kale kabomba ka usukani, mstari kama unywele, ukikandamiza usukani mstari unafunguka. Kama ingekatika kwenye mteremko nisingekuwa naandika hivi. Nilirudi kwa Bajaji, baiskeli imefungwa juu.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, Temeke, huyu ameshika fremu toka enzi za baiskeli za Swala. Nikamwamkia, nikamwekea mezani. Hakusema kitu, alichukua msumeno akaomba ruhusa, "mwanangu, nikate?" nikamwambia kata mzee wangu. Tulichokiona: bomba ni nene kote, hakuna wembamba katikati, mshono upo ndani, yani ni ndugu wa ile ya bluu ya elfu tisini kasoro rangi. Ila hilo sio lililoivunja. Kilichoivunja ni uchomeleaji. Lile bomba la chini ncha yake haikukatwa kufuata mviringo wa lenzake, lilikuwa limeacha mwanya kama unene wa shilingi upande mmoja, na mchomeaji akaujaza kwa madini ya kuchomelea tu. Kwa juu panaonekana pamejaa vizuri, chini yake ni hewa. Mzee akasema neno ambalo mpaka leo nalikumbuka, "hii ilikuwa imeshakatika kiwandani, imekuja kwako kumalizia tu."

Dukani nilirudi na vipande. Waliniambia fremu haina waranti. Sijapata hata mia.

Na hapa nikajifunza kitu cha tatu kinachoingia kwenye bei: maungio na ukaguzi. Kukata ncha ya bomba ikae sawasawa na lenzake kabla ya moto ni kazi ya dakika nyingi zisizoonekana. Kuna njia ya zamani, bomba linaingia kwenye kiungio cha chuma kama kikombe alafu linaungwa kwa shaba nyeupe au kwa fedha, fedha inayeyuka kwenye joto la chini zaidi kwahiyo bomba jembamba haliungui, ila fedha ni ghali. Kuna njia ya sasa ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya agoni, haraka, safi, ila inataka mkono uliotulia sana kwenye bomba la milimita 0.9. Alafu kiwanda kinachojiheshimu kinachukua fremu kadhaa kinazipeleka kwenye mashine inayozikanyaga maelfu kwa maelfu ya mara mpaka zichoke, kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 cha hayo majaribio, na zile fremu zinazovunjwa kwenye majaribio mnunuzi wa mwisho ndo anazilipia. Mi sasa hivi nazilipia kwa moyo mmoja.

Ya tatu, ya elfu themanini. Naomba usome vizuri bei hiyo. Yadi moja ya mtumba upande wa Ilala, kontena toka Uingereza, baiskeli zimerundikwa juu ya friji na magodoro. Katikati kulikuwa na fremu ya Raleigh ya kukimbilia barabarani, rangi ya kijani imechubuka, haina magurudumu, foki ipo, nguzo ya siti haipo. Ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote pale kwasababu imechakaa rangi na ni fremu tupu, pembeni yake kulikuwa na baiskeli ya kisasa ya springi mbele na nyuma, nyekundu inawaka, nzito kama mlango wa geti, wanaiuza laki mbili na nusu na watu wanaigombania. Mi nikafuta vumbi kwenye bomba la siti nikaona stika ya kijani na dhahabu, nusu imebanduka: Reynolds 531.

Kwa ambaye hajui, 531 ilitoka mwaka 1935, chuma chenye manganisi na molibdenamu, na kwa miongo mingi ndo bomba lililokuwa linakimbia mashindano makubwa ya Ulaya. Waitalia walikuwa na Columbus, kiwanda alichoanzisha Angelo Luigi Colombo Milano mwaka 1919, Wajapani walikuwa na Tange, ila Mwingereza jibu lake lilikuwa 531. Na stika zenyewe uzisome mpaka mwisho maana haziko sawa. Kuna iliyoandikwa kwamba mabomba, foki na vibomba vya nyuma vyote ni 531 vyenye ncha nene, kuna ingine inataja mabomba matatu makubwa peke yake, na kuna ingine inasema 531 lakini bomba la unene mmoja. Tofauti hizo kiwandani zilikuwa bei tofauti kabisa, fremu moja, rangi moja, jina moja. Yangu maandishi ya chini yalikuwa yamefutika, ikabidi nitumie vipimo.

Nikapima mdomo wa bomba la siti kwa kaliperi ya kuazima (kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita): 27.2. Moyo ukaruka. Kwa bomba la nje 28.6, nguzo ya 27.2 ikiingia maana yake ukuta ni kama 0.6 au 0.7, na hakuna anayetengeneza ukuta huo kwa chuma cha kawaida. (Ila kwa Peugeot na Wafaransa wengine wa zamani kipimo hicho hakifai, bomba lao la siti kwa nje ni 28 kamili, nzuri zao zinachukua 26.4 hivi, usije ukaiacha Peugeot nzuri kwa kusoma hapa haraka.) Nikaangalia pale ekseli ya nyuma inapokaa, vile vipande viwili: kwenye fremu rahisi ni bati lililokatwa kwa mashine, bapa kabisa, ila hii vilikuwa vinene vimefuliwa, vina skrubu za kurekebishia gurudumu. Nikagonga bomba la juu kwa ukucha nikitoka kwenye ncha kwenda katikati, sauti inabadilika, kwenye ncha fupi na katikati inalia. Nikalipa elfu themanini nikaondoka.

Kwenye mizani ya mchele, bila foki, ilisoma chini kidogo ya kilo 2. Kilo moja na gramu mia tatu pungufu kuliko ile ya bluu, na umbo ni karibu lile lile! Nguzo ya siti ya 27.2 nilihangaika nayo wiki tatu. Nilipoipanda mara ya kwanza kwenda Bagamoyo, pale kwenye viraka vya lami baada ya Bunju ambapo ile nyeusi ilikuwa inanitetemesha meno, hii inapita kama inavuta pumzi. Nimeitumia mwaka wa pili sasa. Lawama yangu ni moja, kutu. Huku pwani hewa ina chumvi, na ukuta wa 0.6 hauna akiba ya kuliwa, ile ya bluu inaweza kuliwa nusu milimita na isijue. Kwahiyo kila baada ya masika naifungua, naigeuza, namwaga oili ndani ya kila bomba naizungusha. Ukinunua ya zamani fungua pale pedeli zinapopita uangalie sakafu yake kwanza, maji yote ya mvua yanaishia pale, ukikuta unga mwekundu mwingi achana nayo hata kama stika inang'aa.

Ya nne ni Surly, kampuni ya baiskeli ya Marekani. Binamu yangu yuko Minneapolis, na Surly wenyewe ni wa hapo jirani, Bloomington, Minnesota. Aliileta kwenye begi alipokuja likizo, fremu na foki, alinunua zaidi ya dola 600, ukiweka ya ndege na usumbufu ndo ile karibu milioni mbili niliyosema. Kromoli 4130, ncha nene katikati nyembamba, imechomelewa Taiwan. Uzito kilo 2 na gramu 300 hivi, nzito kidogo kuliko Raleigh maana wameijenga ibebe mizigo na tairi pana, na hawajifichi kwenye hilo. Maungio yake ukiyaangalia ni kama sarafu zimepangwa moja juu ya lenzake, sawasawa kote mpaka chini ambako hakuna mtu anaangalia. Ndani wameipaka kinga ya kutu. Kila tundu la skrubu limekaa pahala pake, ukifunga keria haikwaruzi kitu. Na wana waranti iliyoandikwa.

Je, inastahili bei hiyo? Kwa mtu wa Minneapolis ndiyo kabisa, pale ni bei ya kati. Wapo wa juu zaidi. Kampuni ya Rivendell ya California mfano, wameshatengenezesha fremu zao Japani, Taiwan, na pale Waterford, Wisconsin, kiwanda cha Richard Schwinn kilichofungwa 2023, na ya Wisconsin ilikuwa ghali kuliko ya Taiwan wakati ukiziweka pamoja macho hayaoni tofauti ya maana. Chuma ni kizuri pande zote, mafundi wa Taiwan wana mkono kweli kweli, kinachoachana ni mshahara wa saa moja ya fundi na idadi ya fremu zinazotoka kwa siku. Alafu kuna mafundi wa peke yao, mtu anakupima mkono na mguu anakujengea yako mwenyewe kwa siku kadhaa, hapo unalipa muda wa binadamu mmoja na jina lake, na mi sioni kama ni wizi, ni kama kushonesha suti.

Ila kwa mtu wa Dar anayenunua kwa pesa yake mwenyewe nasema ukweli, kwa mwendo wenyewe sijaona Surly inaizidi Raleigh ya mtumba kwa milioni moja na laki tisa. Inaizidi kwa tairi pana, kwa breki, kwa keria, kwa kutokuwa na wasiwasi wa miaka 40 ya kutu usiyoijua. Kama unasafiri, kama unataka kutoka hapa mpaka Mbeya na mabegi manne, itafute. Kama unazunguka mjini na Jumapili unatoka na wenzako, usiumize familia.

Kwahiyo msimamo wangu kwa zote nne. Ya elfu tisini, inunue bila aibu kama kazi yako ni mzigo, biashara ya maziwa, mkaa, ndoo za samaki, au kijana wa shule anayeigonga kila siku, ila lipia elfu tisini, usilipie zaidi kwasababu imepakwa rangi ya kisasa. Ya laki mbili na sitini, hapana. Usinunue stika. Ukiambiwa kromoli omba kuchomoa nguzo ya siti uisome namba yake, huwa imechongwa pale chini, ikiwa 25.4 kwenye bomba la kawaida la 28.6 mwambie muuzaji kwa heshima kwamba hii sio kromoli ya maana na bei ishuke. Mulika tochi ndani utafute mshono. Pitisha kidole kuzunguka maungio yote, hasa chini ya kabomba ka usukani, ukikuta pahala madini yamejaa kama mlima na pengine yamekauka, ondoka. Akikukatalia kuchomoa nguzo ondoka pia, ni skrubu moja tu ile. Ya mtumba, ndo penye mali, lakini ni lazima uwe na subira na kaliperi, nilizunguka yadi karibu miezi minne kabla ya kuipata ile. Ya Marekani, ukiwa na mtu wa kukuletea na pesa haikuumi.

Wauzaji wa mtumba hawana kosa kwa kupanga bei kwa rangi na upya, hakuna aliyewafundisha kuangalia kingine na wateja wenyewe wanataka nyekundu inayowaka. Yule wa Ilala nilirudi kwake baadaye nikamwonyesha ile stika, nikamweleza habari ya 27.2 na vile vipande vya ekseli vya kufuliwa, maana niliona sio sawa kuendelea kuchota kwake kimya kimya. Alinisikiliza vizuri sana, akachukua na kalamu akaandika namba kwenye boksi. Mwezi uliopita kanipigia, "mkuu njoo uone, nimepata ya Tange, nguzo yake ishirini na saba nukta mbili, nimeichomoa mwenyewe." Nikauliza bei. Laki mbili. Nikaenda, nikapima, kweli, nikamlipa laki mbili yake.